Dada Yake wa Siku Moja

"Na wanawake wanatawadhia wapi?"

Hilo ndilo jambo la kwanza lililonikaa vibaya. Mchumba wangu alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, anaongea na mtu kwa simu. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, napinda gauni la mteja. Kati yetu kuna ubao mwembamba tu, hata akikohoa namsikia. Nikatoa mguu kwenye cherehani.

"Wana mlango wao? Alhamdulillah. Nitakuja kuona mwenyewe."

Mwenzangu wa dukani, ambaye wateja wanamwita Kifungo kwa ufupi wake, naye alikuwa ameacha kukata kitambaa.

"Umesikia?"

"Anachagua chuo," nikasema.

"Mwanamume anayeuliza mlango wa wanawake, kuna mwanamke atakayeupita. Shona tu, shona."

Fundi, ndivyo tunavyomwita mchumba wangu, alikuwa amefaulu mtihani, na vyuo viwili vilimkubali. Kimoja kiko hapa hapa mjini kwetu. Alikwenda kukitazama akarudi amenuna. Waislamu wanaswali chini ya ngazi, watu wakiwaruka na ndoo za deki, na kipindi cha Ijumaa mchana hakimsubiri aliyekwenda msikitini. Cha pili kiko mbali, asubuhi nzima ndani ya basi. Huko kuna jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Tangu apate namba yao hakuwa na wimbo mwingine. Jumuiya hivi, jumuiya vile, jumuiya wamempokea kama ndugu.

Posa yake ilishakubaliwa nyumbani. Harusi ilisubiri achague chuo. Akichagua cha hapa, tungeoana na kukaa. Akichagua cha mbali, hakuna aliyeniambia mimi nitakuwa wapi, na mimi sikuuliza. Si msemaji. Niliacha shule darasa la tano mama alipougua, nikabaki na wadogo zangu jikoni. Kusoma nasoma, ila polepole, kwa kidole.

Siku moja aliniachia simu yake dirishani, akaenda kuswali. Ukaingia ujumbe. Nikaufuata kwa kidole:

"Wa alaykum salaam. Jumamosi usikose. Ukifika uniulizie, nitakutembeza mwenyewe. Nina hamu ya kukuona baada ya maneno yote haya."

Pembeni palikuwa na picha ya msichana mwenye miwani, mtandio wake umepigwa pasi hadi unang'aa.

Aliporudi nikampa simu yake.

"Kuna ujumbe."

Akausoma. Akatabasamu, halafu akaliondoa lile tabasamu haraka, kama mtu aliyegundua amekaa kwenye kiti cha mwingine.

"Katibu wa jumuiya. Upande wa akina dada."

"Wanaume hawana upande?"

"Wanao. Kuna jambo nafuatilia."

"Jambo gani?"

"Likikamilika nitakwambia."

Alipoondoka, Kifungo akachomoa pini mdomoni.

"Mwanamume akisema hivyo, ujue anaoa mke wa pili. Na wewe hata wa kwanza hujawa."

Nilicheka naye. Nyumbani sikula.

Mama yake Fundi ndiye aliyekuwa amsindikize Jumamosi hiyo, maana chuo kilikuwa kimewaalika wanafunzi wapya na jamaa zao waje kutembezwa. Alipokuja kujaribu gauni lake nilimpigia magoti na pini zangu, nikasema nikiwa huko huko chini:

"Mama, goti linaendeleaje?"

"Linanitafuna."

"Na ngazi za chuo nani atakushika mkono?"

Akaniinua kidevu kwa kidole.

"Unataka kushika mkono wangu, au kola ya mwanangu?"

Nikainama zaidi.

"Haya, jiandae. Na hilo pindo usilifanye fupi, mimi si msichana."

Jumamosi asubuhi Fundi aliponiona kituoni alishtuka.

"Na wewe unakuja?"

"Mimi ndiye niliyemwomba," mama yake akajibu. "Una neno?"

Njia nzima alikaa akitazama nje kama anayehesabu miti, nami nikawa natazama kisogo chake. Mtu anayefurahi kusindikizwa na mchumba wake hageuzi kisogo hivyo. Nikajisemea, leo nitamjua huyo katibu, na posa itarudi ilikotoka.

Langoni vijana wa jumuiya walitupokea kwa salamu na maji ya kunywa. Mama mkwe wangu mtarajiwa aliletewa kiti kabla hajalalamika. Kisha akaja yule wa kwenye picha, mrefu, anatembea kwa haraka.

"Ndugu Fundi, hatimaye." Akanigeukia, akanishika mikono yote miwili. "Na huyu ndiye dada yako. Karibu sana, mpenzi. Jamani, mmefanana pua."

Nikamtazama Fundi. Fundi akatazama viatu vyake. Mama yake akafungua mdomo, nikamfinya mkono. Sijui ujasiri huo niliupata wapi, ila nilitaka kusikia yote.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ndiye dada yake."

Katibu akanichukua upande wa wanawake. Palikuwa na mlango wao kweli, mabomba, na viti vya kukalia unapoosha miguu. Ndani kulikuwa na zulia safi na wasichana wameegemea ukuta na vitabu vyao. Mmoja alinisogezea mto wake. Hakuna aliyeniuliza nasomea nini.

Chumba kilichofuata kilinisimamisha mlangoni. Wanawake wazima walikuwa wamekaa kwenye madawati, mmoja na mtoto mgongoni, wanafanya hesabu za kugawanya.

"Hili darasa tunaliendesha sisi wanafunzi," Katibu akasema. "Ni la waliokatishwa shule. Kaka yako ametusumbua nalo. Walimu ni wanawake? Wanaswalia wapi? Mtu mwenye haya hatachekwa? Mwishowe nikamwambia, ndugu, mlete dada yako aone mwenyewe. Nikamwambia na hamu yangu ya kumwona huyo mdogo anayeuliziwa namna hii na kaka yake."

Kumbe maswali yale yote yalikuwa kwa ajili yangu. Moyo ulitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na kabla haujaamua, Katibu akapunguza sauti.

"Nikuulize kitu, kwa kuwa wewe ni dada yake. Nyumbani shangazi ananihimiza niolewe. Kaka yako ana mtu?"

"Hakukwambia?"

"Nilimwuliza kwa kuzunguka. Alisema mambo hayo bado."

Mambo hayo bado. Na mimi nyumbani nilishaanza kushona nguo zangu za harusi.

"Anaye," nikasema. "Ameshaposa, na wamemkubali."

"Mashallah. Huyo wifi yako anasoma wapi?"

"Hasomi. Anashona. Kati yake na kaka yangu kuna ubao tu."

Akanitazama usoni kama anayeitafuta tena ile pua, kisha vidole vyangu vyenye alama za sindano.

"Subhanallah. Ni wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nisamehe, dada yangu. Wallahi sikujua."

"Wewe huna kosa. Mwenye kosa yuko nje anakunywa maji."

Tulipotoka, Katibu akaenda kuwaeleza wenzake. Mama yake Fundi alikuwa ameshaanza kazi.

"Nikumbushe," alikuwa anamwambia mwanawe. "Huyu binti nilimzaa mwaka gani? Maana mimi uchungu wake siukumbuki."

Nikasimama mbele ya Fundi.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wengi kwenye simu siku ya kwanza," akasema Fundi. "Nilipotaja hilo darasa wakauliza ni la nani. Wote wale wanasoma. Nikasema dada yangu. Niliona ni rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

Nikasogea hatua moja.

"Dada asiyesoma hakutii aibu. Mke asiyesoma anakutia."

"Si hivyo."

"Ni hivyo hivyo," akasema mama yake.

"Nilitaka tuoane kwanza, tuje wote, tukae huku. Ningekwambia leo nikirudi, nikishaliona mwenyewe."

"Na wao nani angewaambia? Na yule dada anayehimizwa na shangazi yake, ungemwambia lini?"

Hapo akainua uso. Nilikuwa nimemjua kama mtu wa maneno mengi, anayeweza kumshawishi mteja kuwa simu iliyozama bado inapumua. Safari hii hakujaribu kunishawishi. Kisha akaenda hadi walipokuwa vijana wa jumuiya, Katibu akiwa kati yao.

"Jamani, nilisema uongo. Yule si dada yangu, ni mchumba wangu. Darasa nililiulizia kwa ajili yake. Kama atalitaka. Nanyi mnisamehe."

Mmoja akakohoa. Katibu akarekebisha miwani yake.

"Sisi tulishajua, ndugu. Tulikuwa tunasubiri na wewe ujue."

Wakacheka, si kwa ubaya. Fundi akacheka nao kwa aibu.

Tulipokuwa tunasubiri basi, mama yake akageukia upande mwingine kulisugua goti, na alilisugua kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Fundi akakaa mbali nami kwa adabu, nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Nichague kipi?" akauliza. "Ukisema cha nyumbani, nitaswali chini ya ngazi."

"Chagua hiki. Walinipokea kabla hawajajua mimi ni nani, na walipojua hawakubadilika. Wewe ndiye uliyebadilika."

"Na darasa?"

"Darasa nitasoma, kwa sababu nataka. Kwa hilo nakushukuru. Lakini kukuamini itachukua muda. Ukitoka nje kupokea simu nitatoka na mimi."

"Utoke."

Basi likaonekana kwa mbali. Siku ya posa, wajomba waliponiuliza kama namtaka, niliinamisha kichwa, na kimya changu kikachukuliwa kuwa ndiyo. Kila mtu alishangilia. Hakuna aliyewahi kulisikia neno lenyewe, hata yeye. Nikainua kichwa, nikamtazama machoni mbele ya mama yake na ya watu wote wa kituoni.

"Nakutaka," nikamwambia. "Na sitaki kufichwa."