Kitufe cha Kijani

Siku ya mwisho ya kuomba nafasi za vyuo, saiba ya Chelimo, duka la intaneti mjini Kericho, ilijaa hadi watu wakapanga foleni kwenye ngazi. Gordon Oyugi aliingia humo kwa sababu stima ilikuwa imepotea kwake. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, laptopu begani. Alikuwa kijana wa kujipenda, na wanaojipenda huwa hawapendi kungoja.

Mbele yake alisimama Chelimo mwenyewe, msichana wa sweta ya maruni, misuko yake imefungwa kwa kitambaa cha manjano. Alikuwa akimsaidia mama mmoja kujaza fomu ya mwanawe, lakini mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Sasa unaona nini, mama?"

"Naona maneno mingi."

"Na kidole inataka kwenda wapi?"

"Hapa."

"Hapo si ndiyo. Ya kutuma waliificha hapa chini. Pole, si makosa yako."

Gordon akacheka. "Si umbonyezee tu, siste? Laini ni refu."

"Nikimbonyezea, kesho atarudi tena. Na wewe unafanya kazi gani ya kuharakisha watu?"

"Natengeneza websites."

Chelimo aligeuka akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Kumbe ni nyinyi! Ni nyinyi mnatusumbua hivi! Kaa hapo, usitoke. Nimekutafuta miaka mingi."

Saiba nzima ikaangua kicheko. Gordon akakaa, na akaendelea kukaa hadi milango ikafungwa.

Baada ya hapo hakuna kilichoweza kuwatenganisha, hata mvua ya mawe ya saa nane. Walikuwa wakijibanza chini ya baraza za maduka, wakigawana hindi moja la kuchoma, wakibishana kuhusu kurasa za mtandao kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Wasipoonana, simu zilipata moto.

"Umekula, sweetie?" Gordon angeuliza.

"Nimekula. Leo nimetazama kidole ya mwalimu mmoja mstaafu wa Chepseon. Dakika kumi mzima anatafuta pa kuanzia, babe. Alafu anajiita mjinga! Mtu amefundisha miaka thelathini!"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Mpee mtu simu, nyamaza, tazama. Usimwambie kitu. Ni hivyo tu."

"Sawa, mwalimu wangu."

Alisema sawa, lakini hakufanya. Alipenda sauti yake kuliko ushauri wake.

Babake Chelimo, Mzee Kipyegon, alikuwa mkulima wa majani chai kule Kimulot. Watu walinong'ona kwamba kijana ni Mjaluo, japo alizaliwa papa hapa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Mzee aliuliza swali moja tu: anajua kufanya kazi? Alipoambiwa anajua, akamkaribisha kwa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na kuanzia siku hiyo akawa akimpigia simu kumwuliza habari za mjini. Gordon alikuwa amempoteza babake akiwa shule ya msingi. Simu hizo alizipenda kuliko alivyokiri.

Kisha kliniki moja mpya ikampa kazi ya kuitengenezea ukurasa. Daktari wa moyo alikuwa anakuja mara moja kila miezi mitatu, na wagonjwa walitakiwa kujiandikisha mtandaoni. Gordon alijitoa mzimamzima. Nyuma ya ukurasa akaweka picha ya milima ya chai, kijani kitupu mpaka chini kabisa, na hapo chini akaweka kitufe cha kutuma, nacho cha kijani.

"Ni poa sana," Chelimo alisema alipoonyeshwa. Akateremsha ukurasa kwa kidole. "Lakini natuma wapi?"

"Si hiyo hapo!"

"Hiyo iko ndani ya majani, Gordon. Kwa simu ndogo, na jua ya shamba, mzee ataona ni picha tu. Tafuta wazee watatu wajaribu kwanza."

"Inafunguliwa Ijumaa. Wakubwa wameipenda."

"Wakubwa si wagonjwa."

"Chelimo, mimi nimesomea hii kitu. Wewe ni wa saiba."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Chelimo alijifunga kitambaa chake vizuri, akachukua mwavuli, akaondoka bila kuaga. Wiki mbili simu za Gordon zililia bila kupokelewa. Siku ya kumi na tano Gordon alimngoja nje ya saiba, macho mekundu.

"Nisamehe. Nilikuongelesha vibaya. Siwezi kukaa hivi bila wewe, jameni."

"Hata mimi siwezi," Chelimo alisema, akalia kifuani pake.

Gordon aliomba msamaha kwa sababu ya neno. Kitufe hakukigusa. Naye Chelimo, kwa kuogopa kumpoteza tena, hakukitaja.

Mwezi uliofuata kifua cha Mzee Kipyegon kilianza kumbana. Binti yake alitaka kumjazia fomu, mzee akakataa katakata. Kazi ya kijana wake angeifungua mwenyewe. Jioni akampigia Gordon, furaha imemjaa.

"Kijana! Nimemaliza yote. Nimefika mpaka kwa mashamba ya chai!"

"Hongera, mzee wangu. Sasa ngoja siku tu."

Siku ilipofika, walitoka Kimulot alfajiri. Muuguzi alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili. "Pole, mzee. Jina lako haiko. Daktari ameshajaa, ni mpaka miezi mitatu."

Chelimo alisihi hadi sauti ikamkauka. Akampigia Gordon.

"Labda ni network, mpenzi," Gordon alisema. "Nitamwandikisha mwenyewe kwa ile siku ingine ya daktari." Akamwandikisha, akatulia. Hakuangalia zaidi.

Katika wiki ya saba, Mzee Kipyegon aliketi juu ya gunia lake katika kituo cha kupimia majani, akingoja zamu. Zamu ilipofika hakuinuka.

Baada ya mazishi Gordon alifungua takwimu za ukurasa wake. Zaidi ya nusu ya watu waliojaza fomu hadi mwisho hawakuwahi kutuma. Alitoka nje na simu ndogo, akasimama juani, akatafuta kitufe alichokichora kwa mkono wake mwenyewe. Ilimchukua muda kukiona. Hapo akaketi chini kwenye lami.

Kesho yake alikwenda Kimulot kuungama. Chelimo alimpokea nyuma ya nyumba, mwili umekonda ndani ya gauni jeusi. Kabla Gordon hajafungua mdomo, akampa simu ya marehemu.

"Fomu ilikuwa bado imefunguka hapo, haijatumwa," alisema.

Kila nafasi ilikuwa imejazwa. Penye jina la mtu wa karibu, mzee aliandika: Gordon Oyugi. Penye uhusiano: mtoto wangu.

Gordon alilia kama anayetapika.

"Mimi pia nilijua," Chelimo alisema. "Niliona kitufe, nikanyamaza ndiyo nisikukose. Usibebe peke yako."

"Wacha nimwambie mama yako. Nimpigie magoti."

"Hapana. Ukimwambia, wewe utapumua, yeye ndiye atabaki nayo. Anafikiria Mungu alichukua mzee wake. Mwachie hiyo."

"Na sisi?"

Chelimo alimshika shavu kwa kiganja chake. "Nakupenda, Gordon. Lakini siwezi kukaa meza moja na wewe na mama, kila siku, maisha yangu yote, nikijua. Nenda tu."

Alimbusu, akaingia zizini bila kugeuka. Gordon akachukua mkoba wake. Alipopita mbele ya jikoni, mama mjane alichungulia, leso mabegani, kikombe mkononi.

"Gordon, mtoto wangu! Unaenda bila chai? Kuja ukae. Siku hizi nyumba imekuwa kubwa sana."

"Kuna kazi mjini, mama."

"Basi utarudi Jumapili?"

"Nitarudi, mama," alisema, akafungua lango.