Nyuma ya Friji

Muuzaji aliweka juu ya kaunta ruta yenye antena nane, na Mwalimu akaitazama kama mtu aliyeletewa kaa aliyelala chali.

"Hii ndiyo kiboko yao, dada," muuzaji alisema, akifuta vumbi lisilokuwepo. "Ukiiwasha sebuleni, mpaka mtaa wa pili wanapata."

"Mimi nina vyumba vitatu. Mtaa wa pili wajinunulie yao."

Ilikuwa Jumamosi, na duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika. Spika mbili mlangoni zilipigiana kelele, televisheni zote ukutani zilionyesha samaki yule yule, na harufu ya plastiki mpya ilikaba koo. Mwalimu alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni na kumwachia chini. Mkoba wake aliukumbatia kifuani, maana mahali pa msongamano kama huo hakumwamini hata aliyebeba mtoto. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto hesabu kwa video, akiwa nyumbani. Kisanduku alicholetewa na kampuni ya intaneti kilikuwa na tabia ya kuzimika katikati ya desimali, na wazazi walishaanza kuwahamishia watoto wao kwingine. Juzi yake alikuwa amewapigia tena huduma kwa wateja, akawapasha, akawaambia anakwenda kununua ruta yake na kisanduku chao wakitungie shairi.

"Antena zisikudanganye," sauti ya kiume ilisema pembeni yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, ananukia sabuni. Mzuri, tena mzuri wa kutosha kumtia mtu wasiwasi. Machale yakamcheza Mwalimu pale pale. Aliwajua watu wa namna hiyo: muuzaji anakutajia ya bei kubwa, halafu mwenzake anajitokeza kama mteja mwema, anakuokoa kwa kukuuzia ya pili yake.

"Nyumba yako ni ya matofali?" yule mwanamume aliuliza.

"Unaniuliza ili iweje?"

"Matofali yanameza mawimbi. Na mko wangapi mnaotumia?"

"Kaka, umekuja kununua ruta au kuhesabu watu?"

Alicheka kwa sauti, hata muuzaji akakunja uso. Akaeleza kwamba hizi ruta hutumia masafa ya aina mbili. Moja linapenya ukuta lakini ni zito. La pili lina mbio sana, ila likikutana na ukuta linakata tamaa. "Wewe tafuta yenye yote mawili, na waliotengeneza wawe bado wanaipelekea maboresho ya usalama. Laini yako ni ya waya au ya kadi ya simu?"

"Ya waya."

"Basi hii nyeusi hapa inakutosha. Hilo dude jingine ni la hoteli."

Muuzaji alimtazama kwa jicho la kumfukuza. Jicho hilo ndilo lililompa Mwalimu ahueni kidogo: hawa hawakuwa lao moja. Alilipia ile nyeusi yenye antena mbili. Kisha akamtazama mwokozi wake toka juu hadi chini, akaona hakuwa na kitu mkononi.

"Na wewe umenunua nini?"

Yule mwanamume aliangaza macho, akanyakua pakiti iliyokuwa karibu. "Betri."

"Za nini?"

"Za... rimoti."

"Umechagua za saa ya ukutani."

"Basi nitanunua na saa," alisema, na Mwalimu akajikuta anacheka bila kupenda. Kabla hawajaachana walipeana namba. Akambatiza Bwana Antena.

Siku Bwana Antena alipokuja kuifunga ruta, Mwalimu alimwita dada yake mkubwa akae sebuleni kama mlinzi. Bwana Antena aliingia kwa adabu, akamwamkia dada shikamoo, akauchomoa waya kutoka kwenye kisanduku cha kampuni kilichokuwa kwenye rafu ya vitabu, akauchomeka kwenye ruta mpya. Aliipandisha juu ya kabati, katikati ya nyumba. Ilipofika kuweka neno la siri, alimpa Mwalimu simu aandike mwenyewe, yeye akageuka akatazama ukuta.

"Liwe refu, na usiniambie," alisema. "Usimwambie na dada."

"Mimi nimekosa nini tena?" dada akafoka.

Intaneti ikakaa sawa. Watoto wakajifunza desimali bila kugandishwa na midomo wazi, na wale wazazi waliokuwa mguu nje wakarudisha mguu ndani. Bwana Antena naye akaanza kupiga simu kila jioni.

"Nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi au chai yangu?"

"Vyote viwili, laazizi. Ila chai haininunii."

"Usije na hilo shati jeupe kesho. Unaonekana kama umekuja kukagua mita."

"Nije na lipi?"

"La bluu. Lile linalonifanya nikusamehe kabla hujakosa."

Alimpenda. Hilo halikuwa na mjadala, na ndilo lililomtisha. Mchumba wake wa zamani alikuwa akisoma ujumbe wake kwa siri, na alipobanwa alijibu, sijafanya. Jumatatu anasema nitakuoa, Ijumaa anaapa, sijasema. Miaka miwili ya kuambiwa sijasema ilimfikisha Mwalimu mahali pa kutilia shaka masikio yake mwenyewe. Alijiapiza kwamba hatamfungulia mlango mwongo mwingine, hata awe na uso wa malaika.

Sasa huyu wa sasa alikuwa na la kwake. Ukimuuliza anafanya kazi wapi, anajibu, "Ofisini, mambo ya wateja," kisha anauliza habari za watoto. Na simu yake ilizimwa tangu asubuhi mpaka jioni.

"Ana mke," dada alikata kauli. "Na huyo mke yuko macho mchana."

"Dada, jamani! Watu wana kazi."

"Kazi gani ya kuzima simu? Rubani?"

Mwalimu alicheka, lakini usiku huo alilala na lile swali.

Kilichomwaga mboga kilitokea Jumapili mchana. Bwana Antena alikuwa jikoni anaosha vikombe, mikono ya shati la bluu ameikunja, povu limemfika kwenye viwiko. Mwalimu alikuwa anafuta sahani huku anamsifia ruta.

"Hata hapa jikoni inashika vizuri," alisema.

"Lazima ishike. Ile ya kampuni uliificha nyuma ya friji, ingepumulia wapi?"

Mkono wa Mwalimu ukasimama. Kisanduku cha kampuni kiliwahi kukaa nyuma ya friji, kweli, fundi wao ndiye aliyekiweka. Lakini Mwalimu alikihamishia kwenye rafu kabla hajakutana na mtu huyu. Dada yake mwenyewe hakujua.

"Nani kakwambia kilikuwa nyuma ya friji?"

Bwana Antena aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha takata. "Nimebahatisha tu. Watu wengi huweka hapo."

"Hukusema watu wengi. Ulisema uliificha."

"Mpenzi, ni neno tu limenitoka."

"Nitazame usoni useme umebahatisha."

Alimtazama, akasema, "Nimebahatisha." Macho yake yakamsaliti. Mwalimu aliwahi kuyaona macho ya aina hiyo miaka miwili mfululizo.

"Kausha mikono uende kwenu."

"Nisikilize kwanza—"

"Nenda!"

Alipoondoka, Mwalimu alipanda kiti, akaing'oa ruta juu ya kabati. Mtu aliyeifunga kwa mikono yake angeshindwa nini kuchungulia ndani? Na alijuaje habari za jikoni kwake? Akarudisha kisanduku cha kampuni, akajiambia bora kibovu anachokijua. Simu za Bwana Antena jioni hiyo aliziacha zilie mpaka zikachoka.

Kesho yake kisanduku hakikumwangusha: kilizimika katikati ya somo. Nyuso za watoto ziliganda kwenye skrini, kisha zikatoweka, na mama mmoja akatuma ujumbe akiuliza kama darasa limefungwa. Mwalimu akashika simu kwa hasira, akapiga huduma kwa wateja, akasubiri foleni yao huku anapigapiga kidole mezani.

"Habari za asubuhi, asante kwa kutuchagua. Simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma zetu. Nikusaidie nini?"

Kidole kikaacha kugonga meza. Zamani sauti ile aliisikia akiwa amepandwa na hasira, na kwake sauti zote za kampuni zilikuwa moja. Sasa alikuwa ameisikia jioni nyingi ikimwita laazizi.

"Ni wewe," alisema.

Upande wa pili zilisikika sauti za wahudumu wengine wakiuliza watu nambari za akaunti.

"Mimi ndiye niliyekwambia ukitoe nyuma ya friji," alisema hatimaye, taratibu. "Ulipiga ukilalamika, nikakuuliza kimekaa wapi."

Mwalimu alikaa chini. Friji ilikuwa imepata jibu, lakini jibu hilo lilifungua swali jingine baya zaidi, akaona akiliuliza anaweza kumpoteza moja kwa moja. Akatamani adanganywe, mara hii tu.

"Basi pale dukani tulikutana kwa bahati," alisema, karibu kumwomba. "Sivyo? Sema tu ilikuwa bahati, yaishe."

"Haikuwa bahati."

"Unakumbuka simu inarekodiwa?"

"Kila neno." Sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka, imebaki ya kwake. "Ulisema Jumamosi unakwenda lile duka la kona, karibu na soko. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda nikasimama kwenye kaunta, nasikiliza sauti za watu, mpaka uliposema mtaa wa pili wajinunulie yao. Sikufungua taarifa zako, sikutafuta unapoishi. Nilitumia ulichokisema kwa kinywa chako. Lakini ni kosa. Kwako ni kosa, na hapa kazini ni kosa la kufukuzwa."

"Kwa nini ulinifuata?"

"Kwa sababu ulikuwa umenigombeza vizuri sana. Halafu ukaniomba radhi, ukaniuliza kama nimekula. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama nimekula."

"Na ulinidanganya jikoni kwangu!"

"Nilikudanganya. Niliogopa utanifukuza, na umenifukuza. Nakupenda, Mwalimu. Na hili nalo limerekodiwa, sitaweza kusema sijasema."

Mwalimu alikata simu. Hakujua kama amekata kwa hasira au kwa kitu kingine. Mtu kumvizia dukani! Angemsimulia dada yake, dada angeita polisi. Na bado alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, tena mpana, mwanamume akakataa kupita.

Alasiri simu ikaita tena. Safari hii alikuwa mama mwenye sauti kavu, msimamizi wa wahudumu.

"Tumesikiliza mazungumzo yako na mhudumu wetu. Amekuja kujisema mwenyewe kabla hatujamwita. Mama, tunakuomba radhi. Nahitaji neno lako: je, unaweka malalamiko dhidi yake? Ukiweka, anaondoka leo. Usipoweka, atapewa onyo na tutamtoa kwenye simu."

Mwalimu alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu mchumba wa zamani, ukweli wa mtu ulikuwa mkononi mwake mzimamzima, na angeweza kumponda nao.

"Niwekee tena mwisho wake," alisema.

"Samahani?"

"Mwisho wa mazungumzo. Nataka kuusikia."

Msimamizi alisitasita, kisha akauweka. Sauti ile ikasema tena, nakupenda, Mwalimu, vile vile, bila kubadilisha hata herufi.

"Nina malalamiko," Mwalimu alisema. "Kisanduku chenu ni kibovu, mje mkichukue. Huyo mwingine niachieni mwenyewe."

Jioni Bwana Antena alibisha hodi. Shati lake lilikuwa na mikunjo, na macho yalikuwa mekundu. Mwalimu alifungua, akaziba mlango kwa mwili wake, mkono mmoja kwenye fremu.

"Wamekufanya nini?"

"Nimepewa onyo. Kuanzia kesho niko stoo, napokea visanduku vinavyorudishwa."

"Utapokea na changu. Bado nina hasira na wewe, usidhani yameisha."

"Sijadhani."

"Kuna uongo mwingine wowote ulioniambia? Sema sasa hivi, kabla hujavuka hapa. Nikiugundua kesho, usinitafute tena maisha yako yote."

Akawaza. Aliwaza kwa muda mrefu mno, akitazama juu, na Mwalimu akakumbuka maneno ya dada. Hapa sasa ndipo mke atakapotajwa, na watoto pengine.

"Upo mmoja," alisema.

"Sema."

"Chakula chako." Akameza mate. "Kina chumvi nyingi, Mwalimu. Mno. Kila nikitoka hapa nakunywa maji jagi zima. Nimekuwa nikikusifia kwa woga."

Mwalimu alimkodolea macho. Alitaka kuuma midomo asicheke, akashindwa, kicheko kikamtoka na machozi nyuma yake.

"Na bado ulikuwa unakuja?"

"Kila uliponiita."

Aliushusha mkono kutoka kwenye fremu, akasogea pembeni ya mlango.

"Ingia," alisema. "Leo unapika wewe."