Sanduku la Lori Lilivyohamia Nyumbani

Lori lilikuwa nusu barabarani, nusu bado getini, mke wa dereva alipokumbuka kwamba dirisha la jikoni limebaki wazi. Alimwomba mumewe asimame. Mumewe akasema jirani ataliangalia, akakanyaga mafuta, wakaenda zao.

Madereva wenzake walimwita mume huyo Tutafika. Ukimwambia tairi lake limekwisha, anasema tutafika. Ukimwuliza mbona injini inakohoa, jibu ni hilo hilo. Na kusema haki, mara nyingi alifika.

Siku hiyo alibeba vifaranga wa siku moja, maboksi kwa maboksi, yenye matundu ubavuni. Lori likienda, upepo unapita na vifaranga wanapumua. Lori likisimama juani, wanaanza kuiva. Mwenye lori alikuwa amemwambia waziwazi, mkewe akisikia, kwamba mzigo wa safari iliyopita ulichelewa, na huu ukiharibika aweke ufunguo mezani akatafute kazi nyingine. Mke hakuyasahau maneno hayo. Watu walidhani amepanda lori kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Ni kweli, lakini moyoni alikuwa akiwasindikiza vifaranga.

Wakafika kwenye mlima. Lori likaanza kuvuta pumzi kwa shida.

"Baba watoto, hiki kimshale cha joto kinapanda," alisema mke.

"Ni mlima tu huo. Tukiumaliza kitashuka."

Hakikushuka. Mvuke mweupe ukatoka mbele kama wa sufuria iliyosahaulika jikoni. Tutafika akalitoa lori nje kabisa ya lami, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Hilo alilifanya vizuri. Akashuka kutazama. Mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa umepasuka katikati.

Hakushtuka. Alisema anao mwingine kwenye sanduku la vifaa, akaenda kulifungua huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alilitazama sanduku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Ndani mlikuwa na ndala moja ya mtoto, mwiko, na bisibisi isiyo na mpini.

"Mama watoto, mpira wangu uko wapi?"

Mke alijua. Mpira huo ndio uliokuwa ukitoa maji machafu jikoni na kuyapeleka nje, ukipitia lile dirisha. Aliuchukua mwenyewe, siku mume alipokuwa amelala.

"Uko jikoni," alisema taratibu.

"Na spana?"

"Imekomea banda la kuku."

"Jeki je?"

"Hiyo usiniulize mimi. Uliitoa wewe ukainua kabati la vyombo, ukasema ni kwa siku mbili."

Ikabaki ile pembetatu nyekundu ya kuwatahadharisha wenye magari. Watoto walikuwa wameitundika kwenye mlango wa choo, kuonyesha kwamba kuna mtu ndani. Mkanda wa feni wa akiba ulikuwa umefungia godoro la wageni. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Lakini nyuma yao, chini ya turubali, sauti za vifaranga zilikuwa zimebadilika. Zilikuwa kali na za haraka haraka.

Tutafika akachukua chupa ya maji ya kunywa na kitambaa, akapeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

"Wewe, toa mkono wako hapo, kama bado unauhitaji."

Lori jingine lilikuwa limesimama mbele yao. Mwanamke mnene aliyevaa glavu alikuwa akishuka. Alikuwa dereva, na barabara nzima ilimjua kwa jina la Mama Duka, kwa sababu hukosi kitu kwenye lori lake. Alieleza kwamba maji ndani ya rejeta ya moto yamebanwa. Ukifungua mfuniko yanaruka na kukuunguza uso. Na ukimwagia injini ya moto maji baridi kwa pupa, chuma chake kinaweza kupasuka. Kwa hiyo, alisema, kazi ya kwanza ni kungoja.

"Vifaranga hawangoji, dada yangu," alisema mke.

Mama Duka akainama, akachungulia kwenye tundu la boksi. Vifaranga walikuwa wanatweta, midomo wazi. Hapo hakutania tena. Alitoa magogo mawili ya kuzuia magurudumu, akayabana upande wa mteremko. Alimpa Tutafika pembetatu yake akamwambia aipeleke mbali nyuma, kabla ya kona, ili anayekuja aione kabla hajaliona lori. Kisha wakafungua turubali pande zote. Wakashusha maboksi ya katikati, yale yenye joto zaidi, wakayapanga kwenye kivuli cha lori la Mama Duka, wakiyaachanisha. Mke akachukua kipande cha boksi, akawa anapepea. Alipepea mkono huu, ukichoka anahamia ule.

Injini ilipopoa mpaka mtu aliweza kuigusa, Mama Duka alifungua sanduku lake. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Alitoa bisibisi, akalegeza vibano, akautoa mpira uliopasuka. Mpira wake wa akiba ulikuwa mpana kidogo. Akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akauzungushia kwenye mdomo wa rejeta, mpira ukashika, akakaza vibano. Mama Duka akiendelea na kazi, mke alimwuliza vile vingine ni vya nini.

"Spana ya magurudumu na jeki, utazihitaji siku ya pancha," alisema. "Mkanda wa feni huu. Fyuzi na balbu hizi. Taa ikizimika usiku hutaki kubahatisha. Waya, koleo, utepe wa gundi, tochi, dumu la maji, oili, kizima moto. Na ujue mwisho wako. Breki au usukani ukiharibika, funga lori umwite fundi. Hayo si ya kuungaunga barabarani."

"Na wewe vyako havihamii nyumbani?" aliuliza Tutafika, akitazama chini.

"Wanangu walijaribu. Niliwaambia anayetaka spana yangu aje alale kwenye lori."

Wakafungua mfuniko polepole kwa kitambaa. Wakawasha injini, wakatia maji kidogo kidogo kutoka kwenye dumu, mpaka yakajaa. Mpira haukudondosha hata tone. Mke alisimama akiukodolea macho mpira ule kama mama anayemtazama mtoto aliyetoka kupona homa. Kimshale kilikaa katikati, kikatulia. Ndipo akagundua kwamba bado anapepea, na mbele yake hakuna boksi.

Wakapakia. Wakaondoa magogo na pembetatu, maana kuacha vitu barabarani ni kumtegea mwenzio. Mama Duka akasema mpira ule si zawadi. Wakinunua mwingine, wauache wake kwa muuza chai wa pale kwenye mizani ya malori.

"Tuta..." alianza mume, wakiwa wanashuka mlima.

"Usiseme," mke alimkata. "Endesha tu."

Mke akacheka peke yake, kisha wakacheka wote wawili.

Vifaranga walifika. Wachache walikufa, na mwenye mzigo akasema wachache hufa kila safari. Tutafika alibaki na ufunguo wake. Dada mtu alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mpira wa Mama Duka uliachwa kwa muuza chai, mwenyewe akaupitia. Nyumbani, kabati la vyombo sasa limekaa juu ya matofali. Banda la kuku lina kufuli. Choo kimewekewa komeo la ndani. Ufunguo wa sanduku la lori anao mke, na kabla ya kila safari hulifungua, akashika kifaa kimoja kimoja kwa mkono. Dirisha la jikoni linafungika vizuri.

Mume bado anaitwa Tutafika.