Mpango wa Malori Ulikuwa wa Renita

Uongozi wa kiwanda cha maboksi mjini Duluth, Marekani, uliwatangazia wafanyakazi wote kwamba ni marufuku kupasha samaki moto katika jiko la ofisi. Tangazo lilikuwa na saini mbili.

Jumanne hiyo, baada ya kulisoma, meneja Halvorsen aliendesha mkutano. Ijumaa angemteua msimamizi wa usafirishaji. Renita Broussard, mfanyakazi pekee Mweusi ofisini, alieleza jinsi ya kupanga malori wakati wa theluji. Meneja alikuna kidevu. Punde Todd, mfanyakazi mwenzake Mzungu, akarudia maneno yaleyale kana kwamba ni yake.

"Hilo ndilo wazo!" meneja alipiga meza. "Hongera, Todd!"

Walter Lindgren, Mzungu mwingine wa ofisi hiyo, alisikia yote. Akanyamaa kama maji mtungini.

Mkutano ulipokwisha alimfuata Renita, macho mekundu. "Yaani nimeumia, dada! Sijui hata nitalalaje!"

Renita aliacha kazi yake. "Kunywa maji, Walter. Pole."

Kesho yake Walter alimletea pai ya viazi vitamu aliyoioka mwenyewe. Ilikuwa imeungua. Renita alilazimika kuisifu.

Jioni Walter alimsimulia mkewe Marjorie, muuguzi na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hospitalini.

"Todd aliposifiwa, ulisema nini?"

"Nilisikitika."

"Nimeuliza ulisema nini."

"Basi... sikusema."

"Mume wangu! Mwenzako kaibiwa mchana kweupe, wewe unampelekea pai? Tena akubembeleze yeye! Machozi yako mpe paka. Mkutanoni sema wazo ni la nani. Kisha funga mdomo, aeleze mwenyewe."

"Meneja akikasirika je?"

"Akukasirikie wewe, iwe zamu yako. Renita kachoka."

Ijumaa Halvorsen alianza kuusifu "mpango wa Todd". Walter akasimama.

"Mpango huo ni wa Renita. Aliutoa Jumanne, kabla ya Todd. Naomba aueleze yeye."

Kisha akafunga mdomo, jambo lililomwia gumu zaidi.

"Haya, barabara ya kilimani ikiganda barafu, tufanyeje?" meneja aliwauliza Todd na Renita.

Todd akaanza kupekua daftari lake. Renita alijibu swali hilo, na yote yaliyofuata. Jioni akatangazwa msimamizi.

"Asante, Walter," alisema. "Ila pai, basi."

Jumatatu lilitoka tangazo jipya, lenye saini tatu. Kwa kuwa uongozi umebaini tatizo la kutosikilizana, imeundwa Kamati ya Kusikilizana. Mwenyekiti wake ni Todd. Itakutana jikoni, harufu ya samaki itakapokwisha.