Siku Tatu Katika Nyumba ya Mugiriki

Kwenye kisiwa kile cha ziwani, mbele ya rasi ya Ubwari, hakuoti mugomba hata mumoja. Ni mawe, nyasi, na vichaka vya kuwashia moto. Lakini Florentine alipolaza kichwa kitandani siku ya kwanza, saa saba ya muchana, akasikia harufu ya mugomba uliokatwa sasa hivi, ile harufu ya maji baridi inayokaa ndani ya pua. Akageuza muto. Chini yake kulikuwa alama nne nyeusi. Utomvu wa mugomba ukishika kitambaa hautoki tena, kila mama aliyepita shambani anaijua rangi ile.

Zilikuwa alama za vidole, na vidole vile vilikuwa vidogo.

"Papa Lionel," akamuita bwana yake Norbert pole pole, "nani alilala hapa mbele yetu?"

"Hakuna mutu. Muzee Albert mwenye hoteli alisema tuko sisi peke."

Norbert alijibu akitazama dirisha. Tangu asubuhi, walipotoka mujini Baraka kwa mutumbwi wa mashine, hakuwa ameweka macho yake katika macho ya bibi yake.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nane. Vita ya kwanza ilikuwa imelala, ya pili haijaamka, na watu walijaribu kuishi kidogo. Nyumba ile ilijengwa na Mugiriki, muuza pamba wa wakati wa Babeleji: kuta za mawe, vigae vya buluu chini, milango mirefu ya kupita mutu na muzigo kichwani, kitanda cha shaba. Muzee Albert alipoinunua aliifanya hoteli ya vyumba vitano, na picha za wazungu wa jamaa ya Mugiriki akaziacha ukutani. "Hawa njo bageni bangu," alipenda kusema. "Habakulake, habalalamikake." Kwake ndio wageni wasiokula wala kulalamika. Zamani watu waliooana walikuja pale kupumzika baada ya ndoa. Sasa walikuja hawa wawili, wenye ndoa ya miaka kumi na moja, na huzuni yao.

Mutoto wao Lionel alipotelea ziwani mwaka wa tisini na sita, mwezi wa kumi, siku Baraka yote ilipokimbilia Kigoma na mutumbwi ukapinduka. Alikuwa na miaka saba. Mwili haukuonekana. Na ziwa likimushika mutu namna ile, jamaa wanakata mugomba wa urefu wake, wanaufunga ndani ya shuka nyeupe, wanaulilia, wanauzika. Mama yake, kama yuko muzima, ndiye anaweka udongo wa kwanza na kumuambia marehemu fasi walimolaza kichwa chake.

Florentine alikataa. Mwaka na miezi tisa alikataa. Kila mutumbwi uliorudisha wakimbizi alikuwa pale ufukweni, akiuliza. "Iko batoto waliokotwa," alisema. "Mukizika mugomba, ni munaniulia mutoto." Mama mukwe wake, Marie, aliacha kubishana naye. Halafu Norbert akaleta neno la kisiwa: siku tatu tu, utakula samaki, utalala, hakuna atakuuliza kitu.

Siku ya pili, jua likiwa katikati, walikuwa barazani na sahani ya mukeke wa kuchoma, na Florentine, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, alikuwa amekula upande muzima wa samaki. Ndipo wakasikia miguu ndani ya nyumba. Miguu mitupu, yenye maji, juu ya vigae. Pa. Pa. Pa. Ikasimama nyuma ya mulango wa chumba chao.

Norbert akaweka samaki chini.

Mama Anastasie, mupishi wa pale, mwanamuke wa Ubwari aliyezika waume wawili, ndiye aliyeingia kutazama. Alikawia. Aliporudi hakukaa.

"Mukuye muone."

Kwenye ukuta wa njia ya vyumba, tangu mulango wa upande wa ziwa mpaka mulango wao, ulipita mustari mweusi, kama mutoto alipita akiburuza mukono ukutani. Ulipita mpaka juu ya vioo vya picha za wazungu. Ulikuwa kwenye kimo cha mutoto wa miaka saba. Florentine akausogelea, akanusa, akageuka. Lakini Mama Anastasie hakuwa anamutazama yeye.

"Papa Lionel," akasema kwa sauti ya chini, "nani amezika mugomba?"

Norbert akainama.

"Ni mama yangu," akasema. "Jana asubuhi, baada ya sisi kutoka, nyuma ya nyumba yake. Walisema Florentine akiwa pale atawazuia. Mi nikakubali nimutoe."

Ziwa lilisikika chini ya mawe.

"Ulinikulisha samaki," Florentine akasema mwishowe, "wakati banamulilia mutoto wangu."

"Nilikuwa naona unakufa."

"Na jana usiku nikakushukuru kwa hii kitanda."

Mama Anastasie akamushika mukono, akamukalisha. "Sikia, mama. Mugomba ukizikwa bila mama kusema neno, unabaki wazi. Jini ya ziwa inapita, inaukuta wazi, inauvaa. Njo ile inatembea hapa. Itakuya kwako, maana we njo mwenye neno. Ukiipokea kama mutoto, itakurudisha nayo ndani ya mayi. Ukikimbia, itakufuata mpaka Baraka."

"Nifanye nini?"

"Utamulalisha. Mi siwezi, pasta hawezi. Ni mama."

Siku ya tatu mvua ilianguka tangu saa nane, mvua katikati ya kiangazi, ambayo hakuna mutu aliyeingojea, na Florentine, aliyekaa juu ya kitanda cha shaba mikono juu ya magoti, akasikia miguu ile ikitoka upande wa ziwa, ikapanda ngazi, ikapita mbele ya picha, ikafika, na mulango ambao Norbert alikuwa ameufunga kwa ufunguo ukafunguka kama mulango unaofunguliwa na mwenye nyumba, na pale akasimama mutoto amefungwa shuka nyeupe kwa kamba za mugomba, uso ni wa Lionel, kovu la paji ni la Lionel, hata namna ya kuinamisha kichwa akitaka kuomba kitu, lakini maji yalikuwa yanamutoka kila fasi, si kama mutu aliyelowa, ila kama kitu kilichokatwa.

"Mama," ikasema. "Nilikuita sana. Balinilalisha fasi ya giza, we haukukuwa pale."

Florentine alisahau yote aliyoambiwa. Alisimama, akamukumbatia. Mikono yake ikaingia. Mwili ule ulikuwa baridi, laini, ukabanduka ganda juu ya ganda, na katikati ya maganda hakukuwa mufupa.

Nyuma ya mulango Mama Anastasie alinong'ona: "Mama Lionel. Unajua hii haiko yeye."

"Najua."

"Basi useme neno."

"Sauti ni yake, mama. Sikia mwenyewe. Ni yake."

"Ni yake. Sauti ilibakia ndani ya mayi. Jini iliiokota kule."

Hapo Florentine akaelewa kitu ambacho mwaka na miezi tisa hakuna aliyeweza kumuelewesha. Kama sauti iliokotwa ndani ya maji, mutoto hakufika Kigoma. Hakufika popote. Akatoa mikono yake pole pole, akapiga magoti mbele ya ile kitu, akanyoosha shuka yake mabegani.

"Lionel wangu," akasema, "fasi yako iko nyuma ya nyumba ya koko Marie, mama ya papa yako. Uende ulale kule. Usipite tena ziwani."

"Na nani atanifunika?"

"Ni mi."

"Leo?"

"Leo, mwana wangu."

Kichwa kile kikainama kidogo, kama cha mutoto aliyekubali. Halafu shuka ikaanguka tupu juu ya vigae, na kitu kingine, kizito, bila miguu, kikatoka kwa nguvu kikielekea ziwani, kikavunja kioo kimoja cha picha, na nyumba yote ikanuka matope.

Walirudi Baraka ndani ya mvua ile ile. Katika mutumbwi Norbert alisema maneno mengi ya kuomba musamaha. Florentine alimuacha aseme.

Nyuma ya nyumba Marie alikuwa amekaa chini, nywele bila kitambaa. "Mara tatu tunafukia," akamuambia bibi wa mwana wake, na hakuweza kumutazama. "Mara tatu tunakuta wazi."

Mugomba ulikuwa umelala kando ya shimo, umenyauka, mufupi. Florentine akafungua kitenge chake cha juu, akaufunga nacho, akaubeba mikononi. Ulikuwa mwepesi. Akashuka nao ndani, akaulaza kwa ubavu, namna Lionel alivyopenda kulala, akatoka. Norbert akachukua jembe.

"Acha," Florentine akamuambia. "Mi njo nilimuzaa."

Akamwaga udongo kwa mikono, kidogo kidogo, akianza na upande wa miguu, kama mutu anayefunika mutoto aliyelala na hataki aamke.