Firigisi Juu ya Jibini

Faridu alikutwa amelala chali katikati ya chumba chake cha kununulia dhahabu, mtaa wa Nyamisangura mjini Tarime, kofia kichwani, macho wazi yakitazama bati. Pembeni yake, juu ya mkeka, palikuwa na sufuria la kuku. Huyo hakuwa kuku wa mchuzi wala wa kukaanga. Alikuwa ameokwa, amefunikwa jibini laini iliyobadilika rangi kwa moto, vipande vya nanasi na embe vikichungulia pembeni. Nzi walikuwa wameshamwanza.

Inspekta Nchagwa alifika kwa miguu. Gari la kituo lilikuwapo, ila asubuhi hiyo lilikuwa limekwenda mnadani kumpakilia mbuzi mke wa Mkuu wa polisi wa wilaya. Wakubwa ndivyo walivyo. Maiti inaweza kungoja, mbuzi hawezi.

Mlangoni alisimama mzee Athuman, fundi cherehani wa chumba cha jirani. Ndiye aliyemkuta marehemu, alipokuja kumrudishia suruali yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Sijagusa kitu. Macho tu ndiyo yamegusa."

"Chakula hiki kimetoka wapi?"

"Kwa Kezia, mke wa Simioni mchimbaji. Si alikuwa mpishi kule Robanda, kambi ya watalii? Ndiko alikojifunza. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya mfuniko, kama mtu anayeoka keki. Wanunuzi wote wa dhahabu wanamgombania. Harufu ikipita hapa, hata uzi kuuingiza kwenye sindano nashindwa."

"Umewahi kula?"

"Nani anipe? Mimi nanusa tu, halafu nakwenda kula dagaa zangu."

"Jana ulimwona Kezia?"

"Magharibi ilipoadhiniwa nilimpisha njiani na sufuria lake. Nikaenda msikitini. Niliporudi mlango umefungwa, nikafikiri Faridu amelala."

Nchagwa alichuchumaa. Mezani palikuwa na mizani ndogo, na juu ya mizani, dhahabu. Punje za unga, na kipande kimoja kama harage. Hakuna aliyeigusa. Akaitazama muda mrefu. Mwaka ule watu walikuwa wanachinjana machimboni kwa dhahabu isiyojaza ukucha, na hapa mwuaji ameiruka kama kokoto.

Mkuu wa polisi wa wilaya akaingia na watu wake, kiatu kinang'aa. Alitazama maiti, akatazama sufuria.

"Sumu," akasema.

"Daktari hajaja, afande."

"Daktari atakuja kutuambia nini? Mtu kala, mtu kafa. Mkamateni mpishi."

Mpaka saa nne Kezia alikuwa mahabusu, na nje ya kituo palikuwa na watu zaidi ya mia, wengi wanawake. Hawa hawakuja kumlilia Faridu. Walikuja kumwona Kezia amefedheheka. Muda mrefu walikuwa wameumia rohoni: kitenge kipya kila mara, viatu vya kisigino, na ile tabia ya kupita barabarani na sufuria linalonukia, anaingia vyumba vya wanaume wenye pesa.

"Leo ataoka nini huko ndani?" mmoja akapaza sauti, na wengine wakacheka.

"Mtoeni tumpalie makaa yeye mwenyewe!"

Hilo halikuwa mzaha. Tarime iliwahi kuona watu wakichomwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Nchagwa aliweka askari wawili mlangoni. Wa tatu hakuwapo, alikuwa analinda nyumba ya Mkuu.

Kezia alikaa sakafuni, miguu ameikunja. Mwanamke wa miaka kama thelathini, mikono ina alama za moto.

"Uliweka nini kwenye kuku?"

"Nanasi. Embe. Vitunguu. Na jibini."

"Jibini umenunua wapi?"

"Sinunui. Nachemsha maziwa, natia ndimu, yakikatika naning'iniza kwenye kitambaa usiku kucha. Asubuhi ni jibini."

"Sumu?"

"Afande, mimi nililamba mwiko. Ningekuwa hapa?"

"Ulikaa kwake muda gani?"

"Mpaka alipomaliza kukagua, basi. Nikaondoka, akabaki anakula."

"Simioni alikuwa wapi?"

"Alirudi jana kutoka machimboni. Nilipofika nyumbani sikumkuta. Akaja baadaye, hakusema neno, akalala amegeukia ukuta. Sasa hilo si jipya. Toka nilipoanza kupikia watu, mume wangu anaongea na ukuta."

Mchana daktari Selestine alimwita Nchagwa chumba cha maiti. Alikuwa amemvua Faridu kofia.

"Tazama kisogo."

Kilikuwa kimebonyea, duara dogo, kama mtu aliyegongwa kwa nyundo. Damu ilikuwa imenyonywa na nywele na kitambaa cha kofia.

"Pigo moja, akiwa ameinama," daktari akasema. "Kisha akageuzwa, akavishwa kofia yake vizuri. Sumu sikuiona. Tumboni kuna nyama ya paja, nanasi, na maziwa yaliyoganda. Hata hakushiba, maskini."

Nchagwa alikwenda mbio kwa Mkuu. Alidhani atafurahi kwamba mtu asiye na hatia anatoka. Hakumjua vizuri.

"Nimeshawaambia wakubwa wa mkoa, Musoma, kwa redio kwamba ni sumu na mpishi yuko ndani," Mkuu akasema. "Unataka niwaambie nilikosea?"

"Kisogo kimevunjwa, afande."

"Basi alimgonga na mwiko."

"Mwiko?"

"Au mtu wake alimgonga. Kesho asubuhi anapelekwa Musoma kwa kesi ya mauaji. Una mpaka hapo."

Ndiyo kazi ya cheo. Mkubwa akikosea, mdogo ndiye anayefungwa.

Nchagwa akarudi eneo la tukio. Akaliweka lile sufuria mezani, akaanza kutoa kuku kipande kimoja kimoja, kama mtu anayemrudisha kuku awe mzima. Paja moja, la pili ni mfupa mtupu. Mabawa. Kidari. Mgongo. Shingo. Maini yalikuwapo, yamekaangwa pembeni na kuwekwa juu ya jibini. Karibu na maini jibini ilikuwa na shimo dogo, mahali palipokaa kitu kikaondolewa.

Akasimama. Yeye ni Mkurya, hakuhitaji kuambiwa.

Firigisi haipo.

Alirudi kwa Kezia anahema.

"Firigisi ya kuku uliiweka wapi?"

Kezia akamtazama kama anayemwona mwendawazimu. "Mimi nafungwa, wewe unauliza firigisi?"

"Jibu tu."

"Firigisi na maini siviweki kwenye moto wa kuoka, vinakuwa kama kandambili. Navikaanga peke yake, nabeba kwenye kibakuli. Nikifika kwa mwenye chakula, namfunulia sufuria, naviweka juu pale pale mbele yake."

"Kwa hiyo mpaka unatoka nyumbani, firigisi haikuwa kwenye sufuria?"

"Haikuwamo. Nilimwekea Faridu kwake, juu ya jibini. Akafurahi, akacheka."

Tumboni haikuwapo. Kwenye sufuria haikuwapo. Sakafuni haikuwapo. Mtu ameua, akaacha dhahabu ya kujengea nyumba ya bati, akaondoka na firigisi.

Pale kwetu hilo halihitaji shule. Firigisi ni ya mwenye mji. Mke humpakulia mumewe, na kila aliyekaa penye sahani anajua maana yake. Mkuu alitoka mbali. Kwao firigisi ni nyama kama nyama nyingine, na miaka yote aliyokaa Tarime hakuwahi kuuliza watu wake wanakula vipi.

Jioni Simioni alikuja mwenyewe kituoni, ameleta blanketi la mkewe. Mwanamume mrefu, vumbi la mawe limemkaa kwenye nyusi, kiroba cha vifaa begani. Nchagwa akampisha ndani, akafunga mlango.

"Kaa, mura. Pole."

"Nishapoa."

"Jana ulikuwa wapi magharibi?"

"Kilabuni. Nilikunywa."

"Sufuria la mkeo uliliona?"

"Sikuliona. Nilifika nyumbani ameshaondoka."

"Kwa Faridu hukupita?"

"Mimi? Sijawahi kukanyaga pale. Nikamfanyie nini mtu anayepima jasho letu kwa kijiko?"

"Watu wanasema mkeo alikuwa na Faridu."

Taya la Simioni likacheza. "Watu wana midomo."

"Mimi nimewakatalia," Nchagwa akasema taratibu, huku anajikuna shingo. "Nimewaambia Kezia ni mwanamke wa heshima. Kuku wa mtu alipeleka, sawa, lakini hakika firigisi alikuachia wewe nyumbani, kwenye kibakuli."

"Aliniachia!" Simioni aliruka, kiti kikaanguka. "Aliniachia wapi! Alimwekea yule juu kabisa ya jibini, katikati, kama anamwekea mume! Na yule anacheka!"

Nje wanawake walikuwa bado wanapiga kelele.

"Kaa chini, Simioni," Nchagwa akasema. "Iliwekwa juu ya jibini ndani ya chumba cha Faridu, si kwingine. Hukukanyaga pale. Umeiona wapi?"

Simioni hakukaa. Alitazama mlango, akatazama dirisha lenye nondo, kisha mabega yake yakashuka.

"Kabla hujasema," Nchagwa akasema, "hulazimiki kunieleza chochote, na utakachosema kitatumika mahakamani."

"Mahakamani wapo wanaojua wivu ni nini?"

"Sijui."

"Basi andika." Akajifuta uso na lile blanketi. "Nilimfuata. Nilitaka nione tu. Dirisha lake halina pazia. Nikamwona mke wangu anapiga goti. Anafunua sufuria. Kanifunulia mimi lini? Nanasi, embe, vitu vya kizungu, mimi kwangu ni ugali na mlenda, anasema amechoka. Nikasema moyoni, sawa, ni biashara, acha. Halafu akatoa kibakuli. Akatoa firigisi kwa vidole vyake."

"Wakasema nini?"

"Sikusikia. Niliona tu. Yule akacheka, akamwonyesha kwa kidole, na mke wangu akacheka. Mimi simjui tena akicheka, afande. Alipoondoka nikaingia. Yule ameinama anakula paja. Nilikuwa na nyundo ya kuvunjia mawe."

"Iko wapi?"

"Kwenye kiroba. Ndiyo kazi yangu, ningeitupa wapi?"

"Na kofia?"

"Ilianguka. Nikamvika. Sikutaka kuona kile kichwa."

"Dhahabu hukuiona?"

"Niliiona. Ya nini?"

"Firigisi je?"

Simioni akasema kwa sauti ndogo, karibu ya mtoto: "Niliila. Nimesimama pale pale, nikaila. Ilikuwa yangu."

Nchagwa alifungua kiroba. Nyundo ilikuwamo, imefutwa kwa majani, lakini penye mpini palibaki unywele uliogandamana. Akamtia Simioni pingu.

Chumba cha pili Mkuu alikuwa ameshashika redio, anawaeleza Musoma jinsi alivyomshuku mume toka mwanzo.

Askari walimfungulia Kezia. Akatoka kwenye ukumbi mwembamba wa kituo, na Simioni naye anapitishwa kuelekea mahabusu. Wakakutana uso kwa uso. Nchagwa akawaashiria askari wasubiri.

Kezia aliona pingu. Akaelewa.

"Ulimpa ya kwangu," Simioni akasema.

"Ipi?"

"Firigisi, Kezia. Mbele ya macho yangu."

Kezia alishika ukuta.

"Faridu kuku alimchinja mwenyewe," akasema. "Yeye hali kuku aliyechinjwa na Mkristo. Alimchinja, akanipa niende kumwoka, na kila nikirudisha alikuwa anahesabu. Bawa, bawa, paja, paja, shingo, maini, firigisi. Mpishi wa kwanza alimfukuza kwa ajili ya firigisi moja, akamwita mwizi soko zima. Ndiyo nilikuwa namwonyesha, kwa vidole vyangu, hii hapa, iko. Akacheka, akasema siku moja atampima kuku kwenye mizani ya dhahabu. Nami nikacheka."

"Na goti?" Simioni akauliza.

"Goti nilipiga kwa sababu sufuria lilikuwa chini," Kezia akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanashuka mpaka shingoni. "Ungeniuliza. Mlango ulikuwa wazi, mume wangu, ungeingia tu ukaniuliza."

"Mimi ndiye mwenye mji," Simioni akasema, lakini alisema kama anayeomba. "Firigisi ni yangu."

"Ni yako. Nani amekukatalia?" Akamsogelea, akalirekebisha lile blanketi lililokuwa linaanguka begani kwake, akalifunga vizuri kwa sababu mikono ya mumewe ilikuwa kwenye pingu. "Ila wewe, Simioni, kuku uliniletea lini?"