Viatu Kwenye Msumari

Fundi viatu alikuwa hodari wa mambo mawili: kushona soli na kukariri. Kusoma hakujua, lakini ukimwambia jambo mara tatu, amelishika. Ndivyo alivyoishika imani ya kanisa, ile inayoanza "Namwamini Mungu Baba". Mkewe alimsomea maneno yale kila asubuhi, naye akayameza yote mpaka "Amina". Akigonga misumari, midomo yake ilikwenda pamoja na nyundo.

"Jumapili nabatizwa!" aliwatangazia wateja. Mkewe alikuwa amekwenda kanisani peke yake miaka kumi na tisa. Sasa alishampigia pasi shati jeupe.

Lakini usharika ule una utaratibu wake. Mtu mzima akitaka kubatizwa, husimama kwanza mbele ya wazee wa kanisa na kusema anachokiamini. Alhamisi fundi akasimama. Maneno yakamtoka mbiombio.

"Hapo hapo, baba," mzee mmoja akamkatiza. "Mungu ni muumba. Maana yake nini kwako?"

Fundi akakohoa. Akaanza upya kutoka mwanzo. Akakatizwa. Akarudi mwanzo tena! Mara ya tatu wazee wakauma midomo wasicheke.

"Ndugu yetu, maneno unayo," mzee akasema kwa upole. "Maana bado. Rudi Jumamosi. Ikishindikana, tutakungoja mwakani."

Mwakani! Fundi alirudi nyumbani kichwa chini. Mkewe hakumlaumu. Alilichukua lile shati jeupe, akalifungia kabatini. Hilo lilimuuma fundi kuliko maneno ya wazee.

Kesho yake asubuhi jirani yao akaja kibandani na kigoda chake. Alikuwa mshonaji wa nguo, na ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo.

"Shemeji, darasani kwangu ulikuja siku moja tu. Ukasema umeshayajua yote."

"Nilidhani ni kukariri, shemeji."

"Kukariri si vibaya. Hata mimi nimekariri. Ila kasuku naye anakariri, na hatujambatiza."

Fundi akacheka bila kupenda.

"Haya, niambie. Kiatu hicho kimejishona chenyewe?"

"Thubutu! Nimetoboka vidole viwili."

"Basi na dunia ina fundi wake. Tunamwita Mungu Baba, kwa sababu hakutuumba akatutupa. Anatutunza. Na Yesu Kristo ni nani?"

"Mwana wake. Alizaliwa mtu kama sisi, akasulubiwa, akafa, akafufuka."

"Kwa nini?"

Nyundo ikasimama. Hilo hakuwahi kujiuliza.

"Kwa sababu tulikosa, tukawa mbali na Mungu," jirani akasema. "Yesu hakungoja tuwe wema kwanza. Alitupenda hivyo hivyo na makosa yetu, akatoa uhai wake kuturudisha. Na Roho Mtakatifu ni Mungu anayekaa nasi leo. Anatupa nguvu ya kubadilika, na anatufanya kanisa moja. Ndiyo maana tunaamini ondoleo la dhambi, na kwamba tutafufuka tuishi na Mungu milele."

"Hilo la ondoleo la dhambi ni tamu," fundi akasema. "Dhambi zangu zote?"

"Zote. Zako na za wenzako." Jirani akainua macho ukutani. "Vile viatu vyenye vumbi kwenye msumari ni vya nani?"

Uso wa fundi ukabadilika. "Vya muuza mkaa. Mwaka jana alinicheka mbele za watu. Eti asiyejua kusoma atajuaje namba ya kiatu! Nikaapa sivigusi. Vioze hapo hapo."

"Anasali wapi huyo?"

"Si hapo hapo kwetu? Benchi la nyuma."

"Na Jumapili mtasimama pamoja, mseme mnaamini ondoleo la dhambi?"

Fundi akavitazama viatu vile. Safari hii hakuwa na mwanzo wa kurudia.

Jirani alipoondoka, fundi alivishusha vile viatu. Akavipangusa, akabadilisha soli, akavipaka dawa mpaka vikang'aa. Kisha akavipeleka mwenyewe kwa muuza mkaa.

Muuza mkaa aliona aibu kweli kweli. "Ndugu yangu, ulimi wangu ule! Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Hebu vivae, nione kama vinabana."

Jumamosi wazee wakamuuliza, "Ondoleo la dhambi, maana yake nini kwako?" Fundi akawasimulia habari ya viatu, mwanzo hadi mwisho, pole pole.

"Mungu amenishusha mimi msumarini," akamalizia, "nami nikamshusha mwenzangu."

Hakuna aliyeuma mdomo. "Huyu yuko tayari," mzee akasema.

Jumapili shati jeupe likatoka kabatini. Fundi akabatizwa, maji yakimtiririka usoni. Kisha usharika wote ukasimama kuitamka imani yao kwa sauti moja. Fundi naye alitamka, lakini katikati furaha ikamzidi. Maneno yakampotea. Mkewe akashika roho mkononi, maana alimjua mumewe: sasa atarudi mwanzo!

Nyuma kabisa, sauti nzito ya muuza mkaa ikasikika: "Ondoleo la dhambi!"

Fundi akadakia hapo hapo, akaendelea na wenzake mpaka mwisho, kifua mbele.

Mkewe akamfinya jirani mkono. "Unamsikia?" akasema, machozi yakimlengalenga. "Yule ni mume wangu."